Pikipiki Inayojua Siku za Wiki

Kaka yangu anaitwa Sampuli. Jina alilopewa na wazazi lipo, limo kwenye vyeti, lakini tangu apate kazi ya kubeba sampuli za damu kutoka zahanati ya mtaani kwetu kwenda maabara ya hospitali kubwa, hakuna aliyelikumbuka tena. Watoto wa jirani walikuwa wakiisikia pikipiki yake inakata kona wanapiga kelele, "Sampuli huyooo!" na yeye anapiga honi kama waziri. Alilipenda jina hilo kupita kiasi. Mtu aliyewahi kuuza viatu vya mitumba, akachomelea mageti, akakaa kijiweni akigombania abiria na watu wenye pikipiki nzuri kuliko yake, akipata kazi ya kueleweka mwache aringe.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani, mlangoni kabisa, kwa hiyo hatoki mtu wala haingii mtu nyumbani kwetu nisimwone, na nikiona kitu huwa nasema. Wateja wananivumilia kwa sababu mishono yangu haifumuki. Tunaishi watatu: mimi, Sampuli, na baba yetu. Baba alikuwa dereva wa malori mpaka asubuhi moja kiharusi kilipompata anafunga kamba za viatu. Mkono wa kushoto ukafa, mguu ukabaki wa kuburuza, na mzee aliyekuwa akipanda kwenye lori kama anapanda kitandani ikawa lazima nimfunge vifungo vya shati.

Kazi ya zahanati haikuwa na mshahara wa kumtoa mtu macho. Ila ilikuja na jambo moja ambalo kwetu lilipita mshahara: mzazi wa mfanyakazi alitibiwa bure, na mazoezi ya viungo yakiwemo. Kila Jumanne na kila Ijumaa Sampuli alimpakia baba nyuma, mimi nawafunga pamoja kiunoni kwa mkanda mpana niliowashonea, wanateremka polepole hadi zahanati. Pale palikuwa na kijana mpole mwenye mikono minene, sisi tukimwita bwana wa mazoezi. Kwa mtu wa nje huduma yake ilikuwa ghali, si ya watu wa barazani kama sisi.

Bwana wa mazoezi alimwambia baba, "Mzee, kazi yangu mimi ni nusu. Nusu nyingine ni ya nyumbani. Tafuta kitu cha kuzungusha kila siku kwa mkono huo huo mgonjwa. Bomba, kitasa, chochote."

Baba akachagua kifuniko cha tanki la pikipiki. Ufunguo wake ulishavunjikia ndani zamani, kwa hiyo kilizungushwa kwa mkono tu, kama cha dumu. Kila asubuhi, kaka akiwa bado anaoga, baba alitoka na fimbo yake, akaegemea kiti cha pikipiki, akapeleka vidole vya kushoto kwenye kifuniko. Mwanzoni vilikuwa vinateleza tu juu ya chuma. Nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho huku najifanya natunga uzi kwenye sindano, roho inaniuma. Halafu vidole vikaanza kushika. Halafu asubuhi moja kifuniko kikafunguka, baba akapiga ukelele majirani wakatoka nje wakidhani kuna mwizi.

Baada ya hapo kufungua na kufunga kifuniko kile kukawa kazi yake. Kaka hakukigusa asubuhi hata kama ana haraka. Alisimama na kikapu chake cha barafu cha kubebea sampuli mkononi, anangoja, baba anazungusha, anafunga, anakipiga kofi. "Nenda, baba," anamwambia mwanawe, "gari liko tayari." Pikipiki aliita gari, na hakuna aliyemsahihisha.

Sasa sikiliza balaa lilivyoanza. Baada ya mvua, pikipiki ikaanza kuzima njiani. Nyumbani inawaka kiki moja, inanguruma vizuri, inakwenda mpaka katikati ya ile barabara ndefu ya kwenda hospitali kubwa, halafu inaanza kukohoa, inakosa nguvu, inakata. Kaka anashuka, anapiga kiki mpaka mguu unamuuma, wapi. Anahangaika nayo, baada ya muda inawaka yenyewe kana kwamba hapakuwa na kitu. Anakwenda, mbele inakata tena.

Akaipeleka kwa fundi wetu wa pikipiki, ambaye mtaa mzima unamwita Usijali kwa sababu ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Usijali alitoa plagi, akaikuna masizi, akaitazama juani, akasema hii ndiyo. Kesho yake pikipiki ikazima. Akafungua kabureta, akaiosha kwa petroli, akazipuliza jeti zake, akasema hapa palikuwa na uchafu wa kufuga kuku. Ikazima. Akambadilishia mpira wa mafuta. Ikazima. Na kila akimaliza aliiendesha mpaka kona na kurudi, injini inaimba, naye anashuka anafuta mikono. "Usijali, Sampuli. Imepona hiyo."

"Inapona kwako tu," kaka akamwambia. "Ikifika barabarani inaugua."

"Basi wewe ndiye una mkosi, siyo pikipiki."

Nyumbani baba naye hakukaa kimya. Injini ikitajwa alikuwa anachangamka, anakaa wima kitini. "Inazima ikiwa ya baridi au ya moto?" akauliza.

"Ya moto, baba. Ikishakwenda sana."

"Basi ni koili. Koili mbovu ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka. Mwambie huyo fundi wenu aache kuosha osha vitu, abadilishe koili."

Usijali alibadilisha koili. Ikazima. Kaka hakutaka kumvunja moyo baba, akamwambia inaendelea vizuri, inasumbua kidogo tu. Ndivyo alivyo kaka yangu, akipata tatizo analificha kama kuku anayeficha mayai, halafu anashangaa likianguliwa.

Damu haisubiri fundi. Kikapu kilikuwa na vibonge vya barafu, na barafu ina muda wake, na dirisha la maabara la kupokea nalo lina muda wake. Sista mkuu wa zahanati alimwonya mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole. Mara ya tatu pikipiki ilizima mahali pasipo na kivuli, na kaka alipofika hospitali barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Sampuli zote zilitupwa. Watu waliotolewa damu wakaitwa upya.

Siku hiyo kaka alinikuta nyuma ya nyumba naanua nguo. Alisimama upande wa pili wa kamba, kati yetu kuna shuka, akasema nami bila kunionyesha uso. Alisema alikuwepo mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Mtoto alichomwa tena, mshipa haukupatikana haraka, akalia mpaka sauti ikakauka. Mama yule akamgeukia kaka, akamuuliza, "Ni wewe uliyeibeba ile ya kwanza?"

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nikamwambia ni mimi."

Sista mkuu hakumtukana. Alimwambia tu kwamba kuanzia kesho atabeba mwingine, akamwomba arudishe kikapu, na matibabu ya bure ya baba yakaondoka nacho. Nilitaka nimchukie yule mama, na mdomo wangu ulikuwa umeshajiandaa, lakini ningesema nini? Ningekuwa mimi ndiye mwenye mtoto yule ningemfukuza kwa ufagio.

"Baba asijue kwanza," kaka akasema. "Nipe siku chache. Nitatafuta njia."

Asubuhi iliyofuata akatoka saa ile ile, baba akamfungulia kifuniko, akakifunga, akakipiga kofi, na kaka akaenda kijiweni kugombania abiria. Kikapu? Alimwambia baba siku hizi kinalala zahanati.

Siku hizo nilikuwa nimemaliza sare za shule moja ya mbali. Nikamwambia kaka anipeleke, nikapanda nyuma na furushi langu mapajani. Tulikwenda vizuri, nikaanza hata kufurahia upepo, mara pikipiki ikakohoa. Ikasita. Ikakata. Kaka akaisogeza pembeni, akapiga kiki, akapiga, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola niliyomgeuzia mwenyewe. Mimi nimekaa juu ya furushi, namtolea maneno ambayo sitayaandika. Halafu akafungua kifuniko cha tanki kutazama kama mafuta yapo. Kila mwenye pikipiki hufanya hivyo ikizima, hafikiri hata. Nikasikia, fyuuu.

"Umesikia hiyo?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Imevuta pumzi."

Akaniona nimechanganyikiwa na jua. Akatikisa tanki, mafuta yapo, akafunga, akapiga kiki. Ikawaka mara moja.

"Kaka," nikasema, "kila ikizima unafungua hapo kabla haijawaka?"

Alifikiri. Nikaona anazikumbuka moja moja, zile mara zote alizodhani ni kupoa. "Kila mara," akasema.

Hatukufika kwenye ile shule. Tuligeuza moja kwa moja kwa Usijali. Nilimweleza, akacheka, kisha akaacha kucheka. Akakitoa kifuniko, akakigeuza, akaweka mdomo kwenye kitundu chake cha juu na kupuliza mpaka mashavu yakamjaa. Hewa haikupita. "Tanki lazima livute hewa hapa," akasema. "Mafuta yakishuka, hewa inaingia juu. Isipoingia, mafuta yanagoma kushuka. Ukifungua, hewa inaingia yote kwa mkupuo, unawasha unakwenda, kisha linabanwa tena." Akachukua bisibisi ndogo, akainua mpira wa ndani wa kifuniko, akavuta kitu kwa koleo. Kilikuwa kipande cha nailoni inayoonyesha, kimekatwa duara, kimepachikwa chini ya mpira vizuri kiasi kwamba ukifungua kifuniko huoni kitu zaidi ya unyevu wa petroli.

"Nani kaikaba koo pikipiki ya watu?" Usijali akapiga makofi. "Huyu ni adui! Sampuli, una mke wa mtu wewe?"

Mimi nilikuwa nakitazama kile kipande. Ukingo wake ulikuwa na meno meno, umekatwa kwa mkasi unaotetemeka. Nailoni yenyewe ilikuwa ya pakiti za vitambaa vyangu. Nilikuwepo siku inakatwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kiharusi baba kushika mkasi kwa mkono wa kushoto. Aliokota pakiti tupu miguuni pangu, akakata polepole ulimi umetoka nje, na mimi nilifurahi mno sikuuliza hata anakata ya nini. Zamani kwenye lori lake alikuwa akiziba kifuniko cha tanki namna hiyo maji na vumbi visiingie, alishatusimulia. Lori lina njia nyingine ya kuvuta hewa. Pikipiki ile haikuwa na nyingine. Msimu wa mvua maji yaliwahi kuingia kwenye tanki, kaka akaisukuma kutoka mbali mpaka nyumbani, baba akamwona anavyohema. Akaamua kumsaidia mwanawe.

Kaka naye alishaelewa. Alikaa chini kwenye tairi bovu, akashika kichwa.

"Usijali," akasema, safari hii akimwita fundi kwa jina, "hili liishe hapa hapa. Mtaani wasilisikie."

"Wewe mtu, hii ni hadithi nzuri!"

"Nakuomba."

Fundi alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Anaongea sana lakini si mpumbavu. Akakitupa kile kipande juu ya meza, akajishughulisha na spana ambazo hazikuwa na kazi.

Tulibishana njiani, mimi nikisema tumweleze mzee, kaka akisema haiwezekani. "Nimwambie nini?" aliniuliza. "Nikimwambia kazi imekwisha, atauliza kwa nini. Nikisema pikipiki ilizima, atauliza ilikutwa na nini. Baba si mtu wa kudanganywa kuhusu injini. Maswali mawili tu, amefika kwenye kifuniko. Halafu ajue ameikata dawa yake kwa mkono wake, na ule mkono wenyewe ndio huo? Atakufa." Pale kwa fundi nilikuwa nimeshachukua ile nailoni, na usiku nikaitoboa toboa kwa sindano mpaka ikapitisha hewa kama chekecheke, kaka akairudisha chini ya mpira mahali pake, ili baba akichungulia aikute. Tangu siku hiyo pikipiki haijazima hata mara moja.

Kulikuwa na Jumanne na Ijumaa, na hapo ndipo uongo ulipotushika pabaya. Jumanne ya kwanza kaka alimwambia baba bwana wa mazoezi amesafiri. Ijumaa, bado hajarudi. Jumanne iliyofuata baba alishavaa, ameshika ule mkanda mkononi, amekaa kwenye stuli upande wa kushoto wa pikipiki. "Atakuwa amerudi leo," akasema. "Hata akiwa hayupo, nikamsalimie sista mkuu."

Kaka alitoka, akapanda, akapiga kiki. Haikuwaka. Akapiga tena. Nilikuwa kwenye cherehani, upande wa pili, na nilikiona alichokifanya: kidole gumba chake kilikuwa kimesukuma ile swichi nyekundu ya kuzimia injini, iliyo kwenye usukani upande wa kulia. Swichi ikiwa pale hata upige kiki mpaka jioni, cheche haiji. Akapiga na kupiga, shati likalowa, na jasho lilikuwa la kweli.

"Vuta choki," baba akasema.

Kaka akavuta choki.

"Isije ikawa imelewa mafuta. Funga choki, fungua mafuta yote, piga."

Kaka akafanya hivyo hivyo, mwanafunzi mtiifu. Baba alikuwa anaongoza kutoka kwenye stuli, sauti yake ya udereva imerudi, na mimi sikuweza kutazama, nikashona mshono mahali pasipo na mshono. Mwishowe kaka akashusha mikono. "Imegoma, baba."

"Haidhuru. Tutakwenda Ijumaa."

Ijumaa ikagoma. Jumatano na Alhamisi ilikuwa imewaka vizuri, Jumamosi ikawaka. Vidole vya baba navyo vilikuwa vinajikunja, kila wiki kidogo. Asubuhi alikihangaikia kifuniko muda mrefu kuliko zamani, kisha akidhani hatumtazami anakimalizia kwa mkono mzima. Jumanne nyingine ikaja, mkanda mkononi, kiki, kiki, kiki. Baba akacheka.

"Pikipiki gani hii inayojua siku za wiki?"

Akachukua fimbo yake, akainuka. "Kaa, baba," kaka akasema haraka, "utachoka." Lakini alikuwa ameshazunguka mbele ya taa, anaburuza mguu, akasimama upande wa kulia. Akaweka mkono wake mzima kwenye usukani ajishikilie, akainama kusikiliza. Nikaona macho yake yanashuka kwenye mkono, yanaona swichi. Yalibaki pale. Kidole gumba cha baba kikapita juu yake, polepole, wala hakikuibonyeza. Kaka alikuwa anatazama chini kwenye kiki, amekunja uso, hakuthubutu kuinua kichwa.

"Kweli imegoma," baba akasema. "Iache, mwanangu. Utavunja kiki bure."

Akarudi ndani, akavua shati la kutokea, akalitundika mwenyewe.

Mchana, kaka akiwa ameshaondoka, baba alikuja akakaa karibu na cherehani yangu. Mkono wa kushoto aliuweka mapajani, akaufunika kwa ule wa kulia.

"Mama," akaniita, "kaka yako amechoka kunibeba, sivyo?"

"Hajachoka, baba."

"Basi kwa nini?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kumpa, na kila moja lingemuua kwa namna yake. Nikamwacha na lile alilokwisha kuliamini, Mungu anisamehe, kwa sababu lile lingine sikuweza kulitamka. Nikakanyaga cherehani.

Akangoja kidogo, aone kama nitasema.

"Mwambie simlaumu," akasema. "Amenibeba muda mrefu. Hata mimi ningechoka."

Nikasema nitamwambia.